Jina la Mama kwa Penseli

Nakumbuka Jumanne moja niliyoshinda na ufunguo wa stoo mfukoni, nikijiona nimefika. Mwanangu, nimeufikiria ule ufunguo kuliko nilivyozifikiria mashine zote nilizowahi kuzitengeneza. Umeniambia umeajiriwa kuandika programu za hospitali, na nimefurahi kweli, lakini kabla hujaanza, keti kwanza. Chai ipo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba Riruta Satellite, na kazi yangu ilikuwa kwenye zahanati moja ya kanisa kule Kawangware. Zahanati ile ilikuwa na tawi dogo Kibera, upande wa Soweto West. Kila upande ulikuwa na kompyuta yake moja, na hakukuwa na waya wala mtandao wa kuziunganisha. Siku hizi nyinyi mnasema mfumo. Mfumo wetu ulikuwa miguu yangu na disketi moja niliyoifunga kwenye karatasi ya nailoni isilowe, nikienda nayo Kibera na kurudi nayo Kawangware kila siku ya kazi, mvua inyeshe isinyeshe. Programu yenyewe niliiandika mimi mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hapo mtaani hakukuwa na mwingine wa kuniuliza swali, basi nikadhani kutoulizwa ndiko kujua.

Dirishani, mahali wagonjwa wanapoandikishwa, alikaa Mama Awuor. Alikuwa ametoka upande wa Ziwa kabla mimi sijazaliwa, na kwa miaka mingi alikuwa ameweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kadi, kadi kwenye masanduku ya mbao, masanduku kwenye rafu. Nilipomletea kompyuta aliipokea bila ubishi. Aliandika kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, nami nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Sasa sikiliza kosa lilivyoanza, kwa maana lilianza na nia njema, kama makosa mengi. Wagonjwa wetu walikuwa wakitibiwa leo Kibera, kesho Kawangware, kwa hiyo mtu mmoja akawa na rekodi mbili zenye namba mbili. Orodha ikajaa watu hewa. Nikaandika kipande cha programu cha kusafisha: ukikuta rekodi mbili zenye jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa na makazi yale yale, acha ile mpya, futa ile ya zamani pamoja na namba yake. Nilikijaribu kwa majina kumi, kikafanya kazi vizuri. Jumamosi nikakiachilia kwenye orodha nzima. Sikutoa nakala ya orodha ya zamani kwanza, kwa sababu disketi tupu zilikuwa zimeniishia na kulikuwa na mpira niliotaka kwenda kutazama. Ndiyo hivyo, mwanangu. Sitaki kukudanganya kwamba kulikuwa na sababu kubwa zaidi.

Na zile kadi? Nilizifungia stoo. Kila kompyuta ilipochelewa kidogo, wafanyakazi walikuwa wakikimbilia masanduku, nami nikamwomba msimamizi anipe ufunguo ili wazoee mashine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na nilipata alama zangu zote kwayo kwenye mtihani.

Jumanne ilikuwa siku ya dawa za kila mwezi, ambazo zilitolewa Kawangware tu. Alikuja mama mmoja kutoka Soweto West, jina lake Syombua, Mkamba mwenzangu, mama wa kufulia watu nguo. Binti yake, Mwikali, alikuwa na miaka mitano na alikuwa na kifafa. Akikosa vidonge siku moja au mbili, alianguka. Syombua alimmezesha kidonge cha mwisho asubuhi ile, akafunga safari kwa miguu mpaka kwetu, akatoa kikaratasi cha namba ya mtoto alichopewa siku ya kuandikishwa, alichokuwa amekitunza ndani ya Biblia mpaka kikanyooka kama kimepigwa pasi.

Mama Awuor akaandika namba. Akaandika tena. Akageuka.

"Mutua, namba ya huyu mama imekataa."

"Umeandika vibaya," nikamjibu, hata sikuinuka.

"Nimeandika mara tatu. Kuja uone."

Nikaja. Namba haikuwepo. Nikatafuta kwa jina, nikamkuta Mwikali Musyoka mmoja wa Soweto West, lakini namba yake ilikuwa nyingine, na alikuwa ametibiwa kikohozi katika tawi la Kibera. Kifafa hakikutajwa. Jibu lilikuwa pale kwenye skrini, limenikodolea macho, nami nikalipita. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya upole ambayo leo inanitia aibu kuliko kama ningefoka, "Mama, namba hii haipo. Pengine umeokota kikaratasi cha mtu mwingine."

"Lakini mimi huyu mama namjua," Mama Awuor akasema. "Anakujanga kila mwezi. Nipatie funguo ya stoo nitoe kadi yake, ni dakika mbili tu."

"Mama Awuor, kumjua mtu si kumbukumbu. Tukirudia karatasi leo, tutarudia kila siku."

Muuguzi hakuthubutu kutoa dawa ile bila kuona kipimo kilichoandikwa, na hakukosea. Daktari alikuwa anakuja Alhamisi. Syombua alitutazama mmoja mmoja, akarudisha kikaratasi chake ndani ya Biblia, akaondoka. Mimi nilikula chakula changu cha mchana vizuri kabisa.

Alhamisi asubuhi Syombua alirudi, safari hii amembeba Mwikali mgongoni. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Jumatano mchana alikuwa amekaa karibu na jiko la makaa, mama ametoka kuanika nguo za watu, kifafa kikamshika, akaangukia jiko. Majirani walimtoa haraka. Kama si wao, sijui leo ningekuwa nakusimulia nini.

Syombua hakupiga kelele. Alisimama dirishani akasema, "Namba yangu sikuokota. Nilipewa hapa."

Mama Awuor alininyooshea mkono, kiganja wazi. Nikautoa ufunguo. Hakukaa stoo muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Akarudi na kadi, akampa muuguzi, na mtoto akaingizwa kwa daktari. Nikabaki nimesimama nikisema, sijui nikimwambia nani, kwamba haiwezekani, kwamba programu niliijaribu.

Daktari alipokwisha kumhudumia mtoto, Mama Awuor aliniita stoo. Alikuwa ametoa kadi mbili ameziweka juu ya sanduku. Zote mbili ziliandikwa Mwikali Musyoka, mwaka mmoja wa kuzaliwa, Soweto West, ploti ileile ya vyumba vya kupanga. Kwenye kona ya juu ya kila kadi kulikuwa na maandishi madogo ya penseli. Moja ilisema "wa Syombua". Nyingine ilisema "wa Mbithe".

"Nyumbani kwenu unaitwa nani?" akaniuliza.

"Mutua."

"Mutua gani? Mko mmoja?"

Mwanangu, wewe unajua mila yetu. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa kike jina la bibi yake mzaa baba. Ndugu wawili wa tumbo moja wakioa, kila mmoja atamwita binti yake wa kwanza kwa jina la mama yao. Mzee Musyoka alikuwa na wana wawili, wote wapangaji wa ploti moja pale Soweto West, na wake zao walijifungua mwaka mmoja. Wale walikuwa Mwikali wawili, na mimi nilikuwa nimemfuta mmoja. Nyumbani kwetu Kitui tulikuwa akina Mutua watatu, wajukuu wa babu mmoja. Ukisimama uani ukaita "Mutua", hakuna aliyekuja, maana kila mmoja alidhani anaitwa mwenzake.

"Mutua wa Nduku," nikasema. Nduku ni mama yangu.

"Haya," akasema Mama Awuor. "Mimi ni mtu wa Ziwa. Mambo ya Wakamba sikuzaliwa nayo. Niliuliza wamama hapo dirishani mpaka nikajua. Wewe umezaliwa ndani yake, na umekalia hiyo mashine kidogo tu ukayasahau. Kompyuta haijakosea, imefanya venye uliiambia. Wewe ndio haukuuliza mtu. Hata hii penseli uliiona ukinakili kadi. Uliniambia jina ya mama inajaza nafasi bure."

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli. Nilikuwa nimebana nafasi ya diski, nikaona jina la mama ni pambo.

"Na ile Jumanne nilikuambia huyu mama namjua," akamalizia. "Ukafikiria naongea tu. Hiyo ndio ilikuwa rekodi."

Nililia, mwanangu, nikiwa katikati ya yale masanduku, mtu mzima mwenye cheti cha kompyuta. Mama Awuor hakunibembeleza na hakunicheka. Alitoa leso, akanipa, kisha akaanza kushusha masanduku. "Ukimaliza tuanze," akasema. "Hawa wawili hawawezi kuwa ndio peke yao."

Na hawakuwa. Tulikaa siku nne mchana kutwa, yeye akisoma kadi, mimi nikiandika, tukalinganisha na kilichobaki kwenye mashine. Tulipata wengine sita niliowafuta. Baadhi walikuwa watoto wa Kikamba, lakini wengine walikuwa mabinamu wa Kikuyu, maana nao hurithisha majina hivyo hivyo. Kila mmoja nilimtafuta kwa miguu yangu, ploti kwa ploti, nikabisha hodi, nikaeleza nilichokosea na kumpa namba yake. Kuna mzee wa Kawangware aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama ile mashine imemfuta pia kwa mwenye nyumba wake, maana angefurahi. Kati yao hakuna aliyekuwa amedhurika. Aliyedhurika ni yule mmoja.

Mwezi uliofuata, Jumanne, nilikuwa dirishani mwenyewe. Nilikuwa nimeomba kukaa pale Jumanne zote, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Syombua akafika na Mwikali, anatembea mwenyewe, mkono umepona, kovu bado jekundu kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa nimeongeza mahali papya kwenye skrini. Nikauliza, "Mama wa mtoto ni nani?"

Akanitazama. "Si unanijua."

"Nakujua, mama. Nataka na mashine ikujue."

"Syombua," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, akangoja aone nikiandika. Nikaandika. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba siku ile. Nilimwomba baadaye, akanijibu kwamba mtoto yupo hai. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Nilipotoka pale zahanati miaka kadhaa baadaye, nilikuwa bado siwezi kutazama mkono ule na kuzungumza kwa wakati mmoja.

Basi nikuambie la kushika. Mtu akija kukuambia programu yako imekosea, mwamini kwanza, halafu ndio utafute. Hata kama anaandika kwa vidole viwili. Hata kama hajui kulieleza jambo. Yeye ameliona na wewe hujaliona. Inuka kitini uende uone kwa macho yako, na ujiulize ni nini kilichobadilika mwisho. Mara nyingi, na hili litakuuma, kilichobadilika mwisho ni kile ulichokigusa wewe. Ningejiuliza hivyo ile Jumanne, ningekumbuka Jumamosi yangu.

Usifute kitu ambacho huwezi kukirudisha. Ukitaka kukiondoa, kitie alama, kiweke kando, kikae mpaka wenye nacho wakitazame. Na nakala itoe kabla ya kazi. Mpira hautakimbia, na hata ukikimbia, utasimuliwa. Majaribio ya majina kumi yalinionyesha kwamba programu inafanya nilichotaka. Hayakunionyesha kama nilichotaka kilikuwa sawa. Hilo huwezi kulipata kwenye kibodi. Hilo linakaa dirishani, kwa akina Mama Awuor, na kwa wale waliopanga foleni, na wakati mwingine linakaa kwenu nyumbani nawe umelitupa kwa kuona ni la kizamani.

Na ukipewa ufunguo, mwanangu, wowote ule, siku hizi mnauita nywila, mwachie njia ya kuingia yule anayewajua watu. Ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mmoja tu ndio uliomchoma yule mtoto.

Mama Awuor alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, nasi tulimzika kwao karibu na Ziwa. Mimi nikiwa nimebaki, nakuombea hivi: Mungu akupe mikono myepesi ya kazi na masikio mazito ya kusikia sifa. Akukutanishe mapema na mtu wa kukwambia ukweli, na akupe leso yake. Na popote jina lako litakapoandikwa duniani, awepo mtu wa kuinua macho na kukuuliza mama yako ni nani.