Fundi Aliyezungusha Kigae

Mimi darasa la tatu lilinitosha, na sitaki pole ya mtu. Nimetandaza vigae kwenye nyumba za matajiri kule Kitisuru ambazo wenyewe huvua viatu kabla ya kukanyaga. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba shahada yake ya pili ya kompyuta imemfikisha kwenye vigae, nilicheka mpaka nikakohoa.

"Si vya bafu, Baba. Ni hesabu."

Alikuwa amepewa makala ya mtafiti mwingine aisome, kisha asimame chuoni kule mjini aieleze mbele ya wenzake. Wiki mbili nzima alikuwa bado ukurasa wa tatu. Nikamwambia hata mimi ningekuwa nimemaliza. Ndipo akanionyesha wanavyosoma: anaanza mwanzo, anaruka mwisho aone mwandishi anadai nini, halafu anarudi katikati na kalamu, kila dai analijaribu kwa mfano mdogo. Hapo nikaacha kumcheka. Mimi nami nikikagua kazi ya fundi mwingine hugonga kigae kimoja kimoja, nisikie kama chini kuna uwazi.

Mhadhiri wao aliwaambia wajizoeze kwa mtu asiyejua somo. Binti yangu akanichagua mimi. Jumapili, tukitoka kanisani, akaketi sebuleni kwangu Mutuini, huku Dagoretti, akakata vipande vya katoni na kupaka kila ukingo rangi. Rangi lazima ikutane na rangi yake. Swali ni kama vipande vya aina hizo, hata uwe navyo bila kikomo, vinaweza kujaza sakafu isiyo na mwisho.

"Hivi vimekataa," akasema. "Ona."

Nikakizungusha kimoja kidogo tu, kikakaa. "Mbona kimekubali?"

"Baba! Hakuna kuzungusha!"

"Ulisema saa ngapi?"

 Hakuwa amesema. Akaandika sheria hiyo kwa wino mwekundu, kisha akanipa kiini cha makala: hakuna kompyuta itakayoweza kupokea vigae vya aina yoyote ile na kukwambia kila mara, bila kukosea, kama vitajaza sakafu hiyo.

"Hata ikipewa miaka yote?"

"Yote. Na imethibitishwa."

Jumapili nne nilimsikiliza. Nikamkataza kuongea na ukuta. Nikamwambia atangulize vipande, yale maherufi ya hesabu yafuate. Siku yenyewe nikasema naenda. Akasita.

"Itakuwa Kiingereza tupu, Baba."

"Nitaangalia vigae."

Nilivaa koti la kanisani, nikakaa nyuma kabisa. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme amejifunzia kwa babake.

Alieleza vizuri, siwezi kudanganya. Alipofika kwenye ile sheria akasema alijizoeza kwa fundi mmoja, mtu ambaye hajasoma, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungusha kigae. Kiingereza changu ni cha kuokota kwa matajiri, lakini hayo niliyaelewa yote. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka. Kicheko kile kilimsaidia, maana kuanzia hapo hakuna aliyesinzia.

Baadaye mhadhiri, mama wa makamo mwenye miwani, akanijia. "Karibu, mzee. Wewe ni mgeni wa nani?"

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anakunja waya wa kompyuta.

"Ndiye yule fundi," akasema.

Mhadhiri akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema kosa langu ndilo lililowafunza watu. Nikasubiri binti yangu aongeze neno moja. Akaendelea kukunja waya. Nikasema, "Asante, madam," nikatoka.

Jioni akaniuliza kwa nini nimenuna. "Si nilikusifu, Baba?"

"Ulimsifu fundi."

"Sikutaka waseme nimemleta mzazi kama mtoto wa nasari."

Pengine alikuwa anasema kweli. Haikunipoza. Mwezi uliofuata akaja na makala nyingine na katoni mpya. Nikamwambia mafundi ni wengi hapa Dagoretti, atafute mmoja. Akazikusanya, akaenda nazo. Sikumwita.