Kadi ya Kuingilia Soko

Niliacha shule darasa la tatu nikashika fimbo ya ng'ombe, na sioni haya kulisema. Nilinunua mifugo huko mpakani nikauza Migori. Kwa biashara hiyo nimejenga nyumba ya mawe hapa Uriri, nikasomesha watoto wote. Kitinda mimba, msichana, ndiye alifika mbali. Alisomea ufugaji wa samaki katika nchi moja ya mashariki, akarudi na digrii na beji nyekundu. Huko, wanafunzi wageni waliofanya vizuri waliingizwa katika umoja wa vijana wa chama kinachotawala. Yeye hakuomba. Waliitwa ukumbini, wakavalishwa beji, wakapigwa picha. Picha yake niliitundika mkabala na mlango, mgeni akiingia aione kabla hajaniona mimi.

Halafu chuo cha nchi nyingine, ya magharibi, kikamkubali kwa masomo ya juu. Ilibaki viza. Ndipo tukasikia kwamba siku hizi ubalozini wanauliza: umewahi kuwa mwanachama wa chama kile? Ukikubali, wanaweza kukunyima. Ukikana na wakupate, usirudi tena kuomba.

Kabla ya kwenda Nairobi kuhojiwa alikuja nyumbani kutoka Homa Bay, alikokuwa na kibarua kwenye mabwawa ya samaki. Mama yake alitenga ugali na omena. Msichana hakugusa chakula.

"Baba, toa hiyo picha."

"Ukuta ni wangu."

"Binamu yangu ameshaipiga picha kwa simu, ameiweka mtandaoni."

"Sasa nikiitoa ukutani itasaidia nini?"

Mama yake akaingilia. "Aseme hapana. Huyo mzungu atakuja Uriri kuuliza?"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya msichana kama ofisa. Mimi nimeulizwa maswali na polisi, na chifu, na watu wa forodha. Hiyo kazi naijua.

"Wewe ni wa chama gani?"

"Sina chama."

"Na hii beji?"

Akaitazama pale pichani.

"Unaona? Askari wa mpakani angekuwa ameshateremsha ng'ombe wako kwenye lori."

Alicheka kidogo. Mama yake hakucheka.

Nikamwambia habari ya enzi za chama kimoja. Vijana wa chama walisimama langoni mwa soko. Bila kadi, unarudi na ng'ombe wako nyumbani. Nilinunua kadi na sikuwapenda hata siku moja. "Mwambie hivyo, nyathina, mwanangu. Mtoto wangu hadanganyi mtu. Mwambie beji ilikuwa kama kadi ya baba yako, ya kuingilia soko."

Siku ya mahojiano nilikwenda mnadani Migori, maana nyumbani hakukukalika. Mnunuzi akataja bei ya kijinga na nikamwachia dume. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Simu ikalia kabla ya saa sita.

"Nimemwambia ofisa yote, Baba. Hata ya soko."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama wewe pia ulikuwa mwanachama."

Ng'ombe walikuwa wanalia, nikaziba sikio moja. "Ukamjibu nini?"

"Ndiyo. Kama kila mtu aliyetaka kuuza ng'ombe."

"Halafu?"

"Akaandika, akaandika. Halafu akanirudishia pasipoti."

Huku kwetu hata mama mboga anajua maana yake. Wakibaki na pasipoti, unasafiri. Wakikurudishia, umebaki.

Alipofika nyumbani alisimama chini ya ile picha bila kuvua viatu. Nilingoja anitukane kwa adabu, vile watoto waliosoma hutukana.

"Ingekuwa wewe, Baba, ungesema nini?"

"Ningesema ukweli."

"Wewe ulikubali chama ukaingia sokoni. Mimi nimekubali nikafungiwa nje."

Alirudi kwenye mabwawa Homa Bay asubuhi yake. Picha iko palepale, sikuitoa na hakuniomba tena.

Mwaka ujao anajaribu tena. Amesema safari hii atafanya mazoezi na mama yake, si na mimi.