Torque ya pikapu yangu na mguu wa Bi Mwajuma: kilichonipata kwenye kilima cha Masukulu

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona mnabishana humu, torque na dereva nani anashinda mbio. Ngoja niwape langu. Sitatia chumvi, maana aliyeaibika ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imekolea na magari ya mtumba yanaingia kwa wingi. Nilikuwa nauza nguo sokoni Tukuyu. Nikajichanga, nikanunua pikapu ya dizeli.

Wakuu, nililinga! Nikikuta watu wawili wamesimama, nawapa somo la torque, ile nguvu ya injini ya kuzungusha tairi. "Hii inavuta kuanzia chini kabisa, haina haja ya kelele!"

Dada yangu Tumpe alikuwa anaolewa kwetu Masukulu. Baba alishatutoka, hivyo nilitaka sana nimfikishe kanisani mimi mwenyewe, kwa gari langu.

Kumbe Tumpe alishamwahidi kazi hiyo Bi Mwajuma, muuza mchele aliyemfundisha biashara. Mama huyu alikuwa na gari dogo la saluni, la petroli, injini ndogo, rangi hata haieleweki.

Nikabisha mpaka bibi harusi akachoka.

"Basi shindaneni, kaka. Atakayetangulia kanisani ndiye atakayeniendesha."

Asubuhi ya harusi, Tumpe hajavaa shela bado, tukapanga magari uani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha (mnaoijua Rungwe mnanielewa).

Nikashusha mikungu yote ya ndizi za sherehe ili gari liwe jepesi. Pembeni namwona Bi Mwajuma anapakia magunia mawili ya mchele kwenye buti. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu anaongeza mzigo kwenye mbio!

Kwenye tambarare nilimwacha mbali.

Nikafika kilimani, udongo mwekundu unateleza balaa. Nikakanyaga mafuta. Torque yote ikashuka kwenye tairi za nyuma, na nyuma hakuna uzito wa kuzikandamiza. Zikazunguka palepale, mkia ukahama, nikaingia mtaroni. Nikizidi kukanyaga, nazidi kuchimba.

Bi Mwajuma akaja taratibu, gia ya pili, mguu mwepesi. Akapita kioo kikiwa wazi.

"Mwanangu, ukimaliza kulima utanikuta kanisani!"

Iliniuma, sifichi. Sio mbio, ni kukosa kumfikisha dada yangu.

Vijana wakanisukuma, nikarudi nyumbani nimejaa tope hadi masikioni, nikamkuta Bi Mwajuma alishafika kanisani na kurudi. Tumpe aliponiona akacheka mpaka machozi. Kisha akasema:

"Bi Mwajuma ameshinda, ataendesha. Ila gari nataka la kaka."

Mikungu ikarudishwa nyuma, Bi Mwajuma akashika usukani, Tumpe katikati. Mimi nikawa naelekea nyuma kukaa na ndizi, Tumpe akaniita.

"Wewe unakwenda wapi? Kaa hapa, ubavuni kwangu. Ndipo angekaa baba."

Mama yetu akapiga kigelegele, "Ndaga fijo, Mwajuma!", yaani asante sana.

Kilima kilekile, matope yaleyale, pikapu ikapanda kama iko kwenye lami. Nilikuwa abiria kwenye gari langu, nimeshikwa mkono na dada yangu, na sijawahi kulipenda gari lile kama siku ile.

Kwa hiyo wakuu, torque nzuri, ila tope halisikii majigambo. Linataka uzito nyuma na mguu wenye adabu.

Wataalamu wa magari karibuni, mnikosoe. Na wewe uliyewahi kulala mtaroni mbele ya wakwe, usijifiche, tiririka hapa.