Siku Mashine Iliponikana Rukanga

Jamani, aibu hii nimeificha miezi mingi, lakini kwa vile mmenibana leo wacha niseme, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najiita mtaalamu.

Mnajua Sacco yetu ya akiba na mikopo pale Voi ilipoachana na vitabu ikaleta mashine ya kusoma alama za vidole, mimi Mghoi ndiye niliyechaguliwa kwenda kusajili wanachama vijijini, na kichwa kilinivimba (mume wangu anasema siku hizo hata uji nilikuwa nauamrisha upoe). Asubuhi ya kwenda Rukanga nikakuta kisigino cha kiatu changu kimelegea, na badala ya kuvaa sandali kama mtu mwenye akili zake nikaona hapana, mtaalamu hafiki na sandali, nikachukua ile gundi kali ya tyubu ndogo nikagandisha kisigino, na pamoja nacho nikagandisha kidole gumba changu cha kulia, nikakibandua kwa nguvu, nikapangusa, nikasahau.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Wengi walikuwa kina mama wasusi wa vikapu vya katani, na mbele kabisa alikaa Nyanya Wakesho, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amesafiri mpaka ofisini Voi, kidole chake kikakataa kusomeka, na mimi mwenyewe nikamwambia mbele ya foleni nzima, "Nyanya, kidole chako kimeisha, rudi siku nyingine." Alijifunga leso yake vizuri akaondoka.

Basi nikasimama na maringo yangu. "Mashine hii haikosei! Inamjua mtu kuliko mama yake!" Nikaweka gumba la kulia ili nifungue kazi kwa jina langu. Ikalia mlio mbaya, halafu sauti ya kike yenye adabu (ni mimi niliyeomba iongee Kiswahili, ili wote waelewe) ikatangaza: "Hutambuliki."

Nikacheka kidogo, nikapangusa kidole kwenye sketi. "Hutambuliki." Nikakilamba, tena mbele ya mchungaji. "Hutambuliki." Mama wa chai akasema dawa ni mafuta, na kabla sijakataa alikuwa ameshanimiminia mafuta ya kupikia mikono yote miwili. "Hutambuliki." Mara ya tano mashine ikajifunga yenyewe na kupeleka taarifa Voi, na dakika ile ile simu yangu ikalia. Nitashikaje simu na mafuta yote yale? Nikamwomba Mzee Mwakio, mwenyekiti wa wanachama, anipokelee, naye akabonyeza-bonyeza mpaka sauti ya meneja wangu ikajaa ukumbini:

"Mghoi! Uko wapi? Kuna mwizi huko Rukanga anajaribu kuingia kwa jina lako! Ita polisi!"

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake.

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Nyanya Wakesho alipoinuka, akaushika mkono wangu, akaupangusa kwa leso yake, akapapasa gumba langu kama anayepima kamba. "Hii ni gundi, mwanangu," akasema. "Chako kitapona kesho. Changu kimeliwa na katani miaka mingi, na wewe ukanirudisha nyumbani."

Kicheko kikakatika. Nikaugeuza mkono wake nikauangalia. Gumba lilikuwa laini kama kijiko cha zamani, na cha shahada vivyo hivyo, lakini kidole cha mwisho, kile ambacho hakivuti katani, mistari yake ilionekana wazi kabisa.

"Meneja," nikaita, maana simu bado ilikuwa mkononi mwa mzee, "ni lazima kiwe gumba?"

Nikasikia akifunua karatasi. "Mashine haijali ni kidole gani. Ni fomu yetu tu iliyoandikwa gumba."

"Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Hakuna aliyeuliza."

Akanifungulia mashine kutoka Voi. Nikamsajili Nyanya Wakesho kwa kidole kile cha mwisho, kisha nikamwambia akiweke tena tujaribu. Akakiweka taratibu, na ile sauti ikasema, "Karibu, Wakesho."

"Imenijua!" akasema, na vigelegele vikapigwa mpaka nje.

Kabla ya jua kuzama kila aliyekuwa ukumbini alikuwa amesajiliwa, pamoja na wale wote tuliowahi kuwarudisha. Fomu mpya za Sacco zinasema "kidole chochote", na maneno hayo mawili niliyaandika mimi, na nikiyaona najivuna bila haya.

Lakini nimeapa. Kwanza, kitu cha kuonyesha watu nitakijaribu peke yangu, mlango nimefunga. Pili, simrudishi mtu yeyote kwao kabla hajanionyesha vidole vyote kumi.