Magoti ya Mzee Karisa

"Mwanangu, bwana katika mchezo huu ni nani?" Swali hilo niliulizwa kijijini Ganda, karibu na Malindi, mchana kweupe, miaka ya themanini. Nakumbuka nilikasirika tu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikihoji kila kitu, hata shikamoo. Mimi na wenzangu tulibuni mchezo usio na jukwaa: mwigizaji mmoja, mweusi kama mimi, alijipaka chokaa usoni akawa mzungu mwenye shamba, na watazamaji wakaitwa waigize maisha yao wenyewe. Tulitaka waone jinsi rangi ilivyogeuzwa kuwa mamlaka. Mzee Karisa, rafiki wa marehemu baba yangu, aliwahi kuwa mpishi wa mzungu huko Malindi. Nikamwita, nikampa sinia.

"Piga magoti, mzee, umpe bwana chai."

Akageuka. Wakwe zake walikuwa wameketi mbele kabisa, na kwetu, mwanangu, afadhali mtu alale njaa kuliko kuaibika mbele ya wakwe.

"Nitampa nikiwa nimesimama."

"Huo si ukweli! Piga magoti!"

"We Kadzo!" mama mmoja akapaza sauti. "Huko chuoni mlifundishwa kuamrisha wazee?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinichoma. Nikaona mchezo unaniharibikia, nikasema kwa sauti kwamba wanaogopa historia yao. Ndipo mzee akaniuliza swali lile, polepole. Nilinyoosha kidole chini.

Akapiga magoti, goti moja, kisha la pili. Chai ikamwagikia mkono wake. Mkwewe mmoja akainuka, akajifunika leso usoni, akaenda zake.

Nyani haoni kundule. Nilikuja kuonyesha ubwana, nikauonyesha kweli, ila sikuuona. Hadi leo nikikumbuka kidole changu kile, nainamisha macho.

Basi nisikilize. Ukiwatetea wanyonge, usiwafanye vyombo vyako. Kabla ya kuyasimulia maisha ya mtu, muulize yalikuwaje. Mola akujaalie ulimi wa kuuliza, na moyo wa kuomba radhi mapema, mimi nilichelewa.

Maana mzee alikuwa ameshazikwa mjane wake aliponieleza kwa nini aliacha upishi. Yule mzungu alimwamuru apige magoti, akakataa, akafukuzwa siku hiyohiyo.