Udongo Tuliompelekea Kaka

Kaka yangu alizikwa bila sisi. Alikuwa akipasua mbao milimani, ukishaipita Mpwapwa, kwenye msitu usiokauka mwaka mzima. Siku aliyoangukiwa na mti, mvua zilikuwa zimekata barabara, wenzake wakamzika hukohuko. Baba hakulia. Alirudia jambo moja tu: mwanawe ameingia ardhini bila mkono wa baba yake kumtupia udongo.

Barabara ilipopitika niliomba ruhusa kazini, tukaondoka. Baba alichota udongo wa shambani kwetu, mwekundu, mkavu, akautia kwenye kopo la kahawa na kulifutika ndani ya koti. Njia nzima hakuniruhusu kumpokea.

Sisi watu wa Dodoma tukisikia pori tunawaza miiba. Basi tulivaa katambuga za tairi, soli nene ajabu, na miguu wazi mpaka magotini. Kule hatukuona mwiba hata mmoja. Kulikuwa na maji tu, juu na chini, mpaka kwenye kope. Mpasua mbao mmoja aliyefanya kazi na kaka alitutangulia. Tulipomaliza kuvuka kinamasi nikaitazama miguu yangu, nikapiga ukelele. Ruba walikuwa wameniganda kuanzia vifundoni, weusi, wameshaanza kuvimba kwa damu yangu. Nikamshika mmoja nimng'oe.

"Usivute!" baba akanikemea. "Kidonda kitakuwa kikubwa. Hata ng'ombe hatumvuti ruba." Akamgeukia mwenyeji wetu. "Una chumvi? Majivu je?"

"Sina, mzee wangu. Vimebaki kambini."

Kwetu, ng'ombe akitoka lamboni na ruba, tunammwagia vumbi kavu mpaka waachie. Baba akaangaza huku na huku. Msitu mzima ule haukuwa na vumbi la kujaza kiganja. Nikamwona anaingiza mkono ndani ya koti.

"Baba, acha. Nitavumilia mpaka kambini."

"Nyamaza, mwanangu."

Akapiga magoti kwenye tope, akanipaka udongo ule mguu mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Ruba wakajikunja, wakaanguka mmoja mmoja. Nililia, wala si kwa maumivu. Niliuchukia msitu, nikaichukia mvua, nikamkasirikia na kaka kwa kwenda kufia mbali vile. Baba naye alikuwa na ruba wake miguuni. Hao aliwaacha washibe, waanguke wenyewe.

Kaburi lilikuwa tuta dogo lenye msalaba wa mbao, nyasi zimeshaanza kuota. Baba akavua kofia. Akafungua kopo, akaligeuza, akaligonga kitakoni. Halikutoka kitu. Akaliweka chini, akalaza kiganja juu ya tuta. Alizungumza kwa Kigogo, taratibu, kama mtu anayeomba radhi mlangoni.

"Mwanangu, udongo wako nimempaka dada yako. Alikuwa anatoka damu."