Kimani wa Nyumba Yetu

Enzi zetu mtoto hakupewa jina kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni. Jina lilishakaa likimngoja hata kabla mama yake hajaanza kutamani udongo. Kwetu Murang'a, kwa sisi Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama yake, wa tatu la ndugu ya baba, na mambo huendelea hivyo mpaka uzazi ukome. Wasichana nao vivyo hivyo, wakianzia kwa nyanya. Hapakuwa na kamati wala kura. Vijana wa leo hutafuta jina kwenye simu miezi tisa mizima, na wakishalipata hawajui linavyoandikwa. Mwanangu Macharia amemwita mtoto wake wa kwanza jina ambalo mimi nikilitamka watu hudhani nimepaliwa. Kwa mpangilio wetu mtoto yule ni Njoroge, jina langu, na mimi humwita Njoroge kwenye simu ya video. Hugeuka akacheka, kwa hiyo nani amekosea?

Tena enzi zile hukuishia kupewa jina, ulikuwa yule mwenye jina hasa. Mimi ni Njoroge, jina la baba yake mama, basi mama aliniita "baba" tangu nikiwa nanyonya. Hata siku za viboko alinishika mkono kwa adabu zote na kusema, "Samahani baba, lakini leo umezidi," kisha fimbo ikafuata, nayo haikuwa na samahani yoyote.

Cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya mzaa baba, alikuwa na jiko lake papo hapo bomani petu. Kwake yeye nilikuwa mkwe, baba wa mke wa mwanawe, na mkwe hatumwi kuni. Nikiingia jikoni mwake nikiwa na kamasi mpaka mdomoni, alinisogezea kigoda na kunimenyea nduma kubwa kuliko zote, naye akiuliza habari za mashamba yangu. Nilikuwa na miaka sita na nilijibu kwamba mashamba hayajambo. Lakini ng'ambo ya kijito kulikuwa na binamu yangu Kimani, mtoto wa kwanza wa ami Mwangi, aliyebeba jina la marehemu babu. Huyo Cucu alimwita "mume wangu", na masikini alilipia makosa ya marehemu yote. "Leo umekuja mapema?" Cucu alimwuliza. "Si ulikuwa unarudi jogoo wakiwika, unanuka pombe?" Kimani alisimama pale mlangoni na chupa ya maziwa aliyotumwa, hajui pombe gani inayozungumziwa. Sisi tulicheka tukaangukia kwenye mibuni.

Nakumbuka vumbi jekundu lililokataa kutoka miguuni hata kwa jiwe la kusugulia. Nakumbuka mpira wa matambara na majani makavu ya mgomba, ambao ukinyeshewa ulikuwa mzito kuliko golikipa. Nakumbuka maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu, tuliyonyonya nusu na kubeba nusu nyumbani kwa wadogo zetu, tukiwa tumeyaonja tena mara kadhaa njiani kuhakikisha hayajaharibika. Jioni githeri ya mahindi na maharagwe ilichemka kwa moto mdogo, na harufu yake ilituleta wote jikoni bila kuitwa. Lakini hukula kabla hujataja watu wako. Hiyo ilikuwa sheria ya baba. "Asiyejua alikotoka," alisema, "atakula chakula cha nani?"

Mimi sikuwahi kubabaika. Nilisimama wima na kutaja: Njoroge wa Macharia, wa Kimani, wa Macharia, wa Kimani, wa Macharia. Majina mawili yalipokezana kurudi nyuma mpaka huko ambako hakuna ajuaye kulikuwaje. Sahani yangu ilijazwa kwanza.

Ila mnyororo ule ulikatika palepale mdomoni mwangu, na wenzangu shuleni waliliona hilo. Mimi nilikuwa mvulana wa kwanza nyumbani. Mvulana wa kwanza wa Macharia alipaswa kuwa Kimani, na mimi nilikuwa Njoroge, jina la mvulana wa pili. "Wewe uliruka foleni!" walinitania. Siku moja nilimwuliza baba, naye alikuwa akinoa panga la kupogolea kahawa. Hakuinua kichwa. "Babu yako wa kwa mama alikuwa mtu mkubwa. Tulimtanguliza." Akaendelea kunoa. Enzi zetu baba akishajibu, swali lilikuwa limekwisha, si kama hawa wa leo ambao kila jibu lako wanakwenda kulihakiki kwenye mtandao.

Kulikuwa na jambo lingine. Kijiji kizima kilimwita mama "Mama Njoroge", nami nilijivuna kwa hilo. Cucu peke yake alimwita "Mama Kimani". Alimwita hivyo akitaka chumvi, akimwamkia asubuhi, hata mbele ya wageni. Sisi watoto tulijua kwamba uzee umemwingia na anamchanganya mama na mke wa ami Mwangi ng'ambo ya kijito. Mdogo wangu alikuwa hodari wa kumwigiza, na tulicheka mpaka mbavu kuuma. Mama alikuwa akiitika tu. Na nyuma ya nyumba tulikuwa na mparachichi wenye tawi lililoumbwa kwa ajili ya bembea, lakini mama hakuturuhusu kufunga kamba hapo hata mara moja. Tulidhani anaogopa tutavunjika miguu.

Hayo yote niliyafunga moyoni nikayasafirisha mpaka Saudia bila kujua nimebeba nini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, dereva wa mzee mmoja tuliyemwita baba. Kafili yule, yaani mwajiri wangu, alikuwa na watu wake kichwani kama mimi nilivyokuwa na wangu. Wiki ya kwanza aliishika ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, akalisoma jina langu, akaniuliza kwa Kiarabu cha polepole, "Bin nani?" Nikasimama wima pale sebuleni, nikataja: Njoroge bin Macharia, bin Kimani, bin Macharia, bin Kimani, bin Macharia. Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Hawa ni watu wawili tu wanaozungukana!" Kisha akaacha kucheka. "Na Kimani wa zamu hii yuko wapi?"

Nilimpa jibu la baba yangu mzazi, kwamba babu wa kwa mama alikuwa mtu mkubwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Yalla, leta gari." Alikuwa mtu mwenye heshima, na mtu mwenye heshima hamvui mwenzake nguo.

Mzee alipofariki nilipata kazi ya udereva katika shule ya wageni palepale Riyadh, nikawa namwendesha mwalimu mmoja wa Kimarekani, mama wa makamo mwenye paka mnene. Kila mmoja ana ugonjwa wake. Huyu madam ugonjwa wake ulikuwa wazee wake. Likizo zote alikwenda kuwachimbua. Walikuwa wametoka Uingereza kwa jahazi wakaenda kulima Amerika ilipokuwa bado koloni, watu wa dini ya Frenzi, yaani Quaker, ile ile waliyo nayo ndugu zetu Waluhya kwa wingi. Nilimjua mmoja wao aliyemwachia binti yake kitanda cha manyoya na nusu ya ng'ombe katika wosia. Nilimhurumia binti yule. Nusu ya ng'ombe unaikamua vipi?

Sikumcheka madam, maana nilimwelewa. Watu wengine shuleni walikimbia wakimwona na karatasi zake, lakini mimi nilimwuliza maswali. Mtu anayetafuta watu wake si mwendawazimu.

Mwaka jana alihamishiwa Jeddah, nami nikahamishwa naye. Paka hakuweza kupanda ndege, basi tukaenda kwa gari, tukatoka Riyadh alfajiri. Jangwa ni refu, na madam alilijaza maneno. Tulikuwa tumeshapita Taif, tumeshika njia ya kuzunguka Makka, ile ya sisi tusio Waislamu, aliponieleza jambo lililomsumbua miaka mingi. Babu yake mmoja wa kule koloni aliitwa Samweli, mtoto wa kwanza katika kumbukumbu za kanisa lao. Lakini ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba, na wa pili la baba ya mama. Baba ya baba alikuwa Thomas. Samweli alikuwa baba ya mama.

"Kwa hiyo nikajua," madam alisema, huku akimpapasa paka. "Ukiona jina halipo mahali pake, ujue palikuwa na mtoto. Nikamtafuta Thomas, nikampata. Mstari mmoja tu, kwenye orodha ya waliozikwa."

Nilisikia usukani umekuwa mzito. Nilipunguza mwendo, na madam alidhani nimechoka, akanipa peremende. Lakini milima yote ya Hijazi niliishuka nikiwa jikoni kwa Cucu, nikimsikia anavyoita, "Mama Kimani! Niletee chumvi." Cucu hakuwa amechanganyikiwa. Mimi, mtaalamu wa kutaja mababu, niliyejaziwa sahani kwanza, nilikuwa na ndugu niliyemruka kila jioni.

Jeddah ninakaa mtaa wa Bani Malik, chumba kimoja na Wekesa, mlinzi kutoka Bungoma. Kwa wiki kadhaa kila Ijumaa nilishika simu nikaiweka chini. Kwetu mtoto mchanga aliyekufa hatajwi. Na mama amezeeka, moyo wake si wa kuchezewa. Nikimwuliza, huenda nikafukua jambo alilolilalia maisha yake yote. Nisipomwuliza, akiondoka anaondoka naye, na hapo Kimani atakuwa amekufa mara ya pili, tena kwa mkono wangu. Wekesa alinitazama, uvumilivu ukamwishia.

"Buda, mama ako hai?"

"Yuko."

"Simu iko na bando?"

"Iko."

"Sasa unangoja nini? Mimi wangu ningempigia na nini leo? Piga. Halas."

Nikapiga. Ilikuwa mchana wa Ijumaa, misikiti imetoka, watu wanashuka barabarani kutafuta wali.

"Baba," mama aliitika kama kawaida. "Umekula?"

"Nimekula, mama. Mama, nataka kukuuliza. Kimani wetu alikuwa nani?"

Nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha nikamsikia akimwambia mtu atoke nje na afunge mlango.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimehesabu majina."

Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akanieleza yote bila kusimama, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kimani alizaliwa msimu wa kuchuma kahawa. Alikuwa mweupe wa macho, mcheshi, na Cucu alimbeba mgongoni kutwa nzima akimwita mume wangu. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe kifua kilipomshika. Alifia mgongoni mwa mama njiani, kabla hawajafika hospitali ya misheni, na mama hakujua. Aliendelea kumwimbia mpaka getini. Walimzika chini ya mparachichi. Baba alisema mtoto yule asitajwe tena, si kwa ukatili, alisema hawezi kusikia habari zake. Mimi nilipozaliwa hawakutaka kulirudia jina lile. Wote walitii isipokuwa Cucu. Cucu alisema, "Mwanamke akishazaa amezaa," na hakubadilisha neno mpaka alipozikwa.

"Mlikuwa mnamcheka," mama alisema. "Na mimi nilikuwa nangoja aniite. Kuna siku nilijifanya sisikii, ili aite mara mbili."

Nililia pale Bani Malik, mtu mzima mwenye mvi, na Wekesa akajifanya anatafuta sukari. Sioni aibu. Sikukuu iliyopita nilikwenda nyumbani, tukazungushia mawe pale chini ya mparachichi, na mnyororo nautaja upya. Sasa naanza hivi: Kimani na Njoroge, wa Macharia. Hapo ndipo unapokaa sawa.

Nawaona vijana wa leo. Mtoto hajapiga chafya, ameshapigwa picha mia na dunia nzima imempenda. Nikiwatania mimi babu yao, wananijibu, "Guka, zama zenu mlificha kila kitu," na hapo, nasema ukweli, wamenipata. Tulificha. Lakini enzi zetu hata tulipoficha, majina yalibaki katika mpangilio wake, na pengo likajulikana ni la nani. Hawa wangu wakipoteza mtu, nani atahesabu amgundue, wakati kila jina limeokotwa mahali tofauti?

Ningali napiga simu kila Ijumaa. Zamani nilianza kwa kusema "Mama", naye alijivuta, akatafuta miwani, ndipo akaitika. Siku hizi nasema, "Mama Kimani!" Huitika kabla sijamaliza.